KAMERA GANI ITATUFAA SISI WA MASISI NA WALIKALE?



Kuna neno moja linalosemwa sana siku hizi katika kundi letu la picha. Feza tulizochanga zinatosha sasa kununua kamera. Moja tu. Na tangu siku ile hakuna amani kati yetu. Wengine wanasema: «Tununue ile mupya, yenye megapikseli mingi, hata mutu akiiona ajue sisi si watoto.» Wengine wanajibu: «Aparei ya nini? Simu inatosha.» Wengine tena, na mimi ni mmoja wao, tunasema: tutafute kamera iliyokwisha kutumika, yenye lenzi moja nzuri, na feza zitakazobaki zifanye kazi nyingine. Kura itapigwa katika mkutano unaokuja. Basi nimeomba nafasi katika gazeti letu nieleze sababu zetu.

Kwanza tujiulize: kamera ya kufanya nini?

Mtu wa mbali akisikia jina la Masisi anafikiri bunduki. Akisikia Walikale anafikiri madini. Picha alizokwisha kuona ni za watu wanaokimbia na magodoro kichwani, za kambi za wakimbizi pembeni ya Goma, za vijana wenye matope mwili mzima kule Rubaya. Picha hizo si za uongo. Vita ilipita Rubaya mwaka wa 2024, ikafika Walikale-centre mwezi wa 3 wa mwaka wa 2025, na wengi wetu tunajua kulala porini ni nini. Lakini je, maisha yetu yote ni hayo tu? Nani amepiga picha ya wamama wanaopanga jibini la Masisi juu ya mbao? Nani amepiga picha ya wavuvi wa mto Lowa, au ya wanafunzi wa mwaka wa sita asubuhi ya Mtihani wa Serikali? Na wewe unayesoma, je, una picha ya nyanya yako? Mgeni anapiga picha ya siku moja, anarudi kwao. Sisi tunabaki hapa. Basi kamera yetu sharti iwe ya watu wanaobaki.

Tena tukumbuke historia. Mwaka wa 1904, kule Baringa katika Équateur, mmisionari Mprotestanti jina lake Alice Seeley Harris alipiga picha ya baba mmoja aitwaye Nsala. Mtoto wake wa kike alikuwa ameuawa na walinzi wa kampuni ya mpira, na baba ameketi barazani akitazama mkono na mguu wa mtoto, vitu pekee alivyobakiziwa. Picha ile pamoja na nyingine zilionyeshwa kwa taa ukutani katika makanisa na kumbi za Uingereza na Marekani. Watu waliokataa kuamini barua waliamini picha. Mwaka wa 1908 mfalme Leopold alilazimika kuachia Kongo. Bi Harris hakuwa na kamera ya ajabu. Simu ndogo ya leo inafanya mambo mengi ambayo kamera yake haikuweza. Lakini aliishi na watu wale, na Nsala alikuja kwake. Hilo haliuzwi katika butiki yoyote ya Goma.

Sasa nije kwa mambo ya kamera yenyewe.

1. Megapikseli zisitudanganye.

Megapikseli moja ni nukta milioni moja. Kamera ya kwanza ya dijitali, ambayo Steven Sasson wa Kodak aliitengeneza mwaka wa 1975, ilikuwa na nukta 10,000 tu, na iliandika picha moja kwenye kaseti kwa sekunde 23. Wakati ule kuongeza nukta kulikuwa jambo kubwa. Leo hesabu imebadilika. Tuchukue karatasi ya A4, hii tunayoandikia mtihani. Ili picha itoke safi juu yake, kwa nukta 300 katika kila inchi, zinatakiwa nukta 2480 kwa 3508. Zidisheni wenyewe: ni karibu milioni 8.7. Basi kamera ya megapikseli 12 inatosha na inabakiza. Na gazeti letu hili? Mashine ya kurudufu inageuza uso wa mtu kuwa kama kaa lililozimika, hata ungalipiga picha kwa megapikseli 100!

Jambo la maana zaidi ni ukubwa wa kibamba cha ndani kinachopokea mwanga, kile kilichoshika nafasi ya filamu. Kitazame kama chombo cha kutega maji ya mvua: beseni pana linapata maji mengi kuliko kikombe. Katika simu nyingi kibamba hicho hakifiki upana wa sentimeta moja. Katika kamera za kawaida za kubadilisha lenzi, aina inayoitwa APS-C, upana wake ni kama milimeta 22 mpaka 24. Ziko nyingine zenye kibamba cha milimeta 36, lakini bei yake na uzito wake havituhusu sisi.

2. Lenzi ndiyo macho.

Twende kwa mawazo mpaka Walikale. Chini ya miti ya pori, hata saa sita mchana, kuna giza kama jioni. Ingia jikoni mwa mama, ingia kanisani wakati wa ibada ya jioni: ni vilevile. Hapo lenzi ndiyo inayosema ndiyo au hapana.

Tazama namba iliyoandikwa mbele ya lenzi. Ile inayouzwa pamoja na kamera, inayovuta mbali na karibu, mara nyingi imeandikwa 1:3.5-5.6. Lenzi ndogo isiyovuta, ya milimeta 50 au 35, imeandikwa 1:1.8. Namba ikiwa ndogo, tundu la mwanga ni kubwa. Fanyeni hesabu: 5.6 gawanya kwa 1.8, kisha jibu lizidishwe kwa lenyewe. Mnapata karibu 10. Maana yake ni kwamba lenzi ile ndogo inaingiza mwanga karibu mara kumi. Mahali ambapo lenzi ya kuvuta inahitaji sehemu ya kumi ya sekunde, na mtu akitikisika kidogo uso unapotea, hii nyingine inahitaji sehemu ya mia moja ya sekunde, na uso unabaki uso.

Mwenzangu mmoja alisema: «Lenzi isiyovuta ni umaskini.» Mimi nasema ni shule. Ukitaka kumwona mtu karibu, tembea mpaka kwake, msalimie, mwambie unalotaka. Mwenye lenzi ndefu anaiba picha toka mbali. Mwenye lenzi fupi anaomba.

3. Ngozi yetu na mawingu yetu.

Masisi mambo yanageuka. Pale Mushaki au Ngungu mwanga si haba, ni mwingi: ukungu mweupe, anga nyeupe, na mbele yake mtu mweusi. Kamera inajipimia mwanga yenyewe, inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga. Matokeo: mlima mzuri, ng'ombe wazuri, na mtu hana macho.

Shida hii ni ya zamani. Katika miaka ya 1950 wenye maabara za Kodak walipima rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, iliyoitwa kadi ya Shirley. Ngozi yake ikawa kipimo kwa wote, na watu weusi walitoka kama vivuli kwa miaka mingi. Kamera za leo zimeendelea, lakini bado zinahitaji kuelekezwa. Kwa hiyo sharti kamera yetu iwe na kitufe cha alama ya + na –, cha kuongeza au kupunguza mwanga kwa haraka. Na kabla ya kulipa, tumsimamishe mmoja wetu mlangoni, anga nyuma yake, tupige picha, tuongeze mwanga, tupige tena. Uso wake ukionekana, tuendelee kuzungumza na muuzaji.

4. Kuranti.

Matangazo ya kamera yameandikwa na watu ambao kuranti yao haikatiki. Sisi tuna pano ya jua, na siku za mvua hata pano inalala. Basi tuulize: batri moja inapiga picha ngapi?

Kuna kamera zenye kioo ndani: unatazama moja kwa moja kupitia lenzi, bila kuwasha skrini. Hizo zinakula kuranti kidogo. Nikon D3300 ya mwaka wa 2014 inapiga kama picha 700 kwa batri moja, kwa kipimo cha watengenezaji. Canon EOS 1200D ya mwaka uleule, kama 500. Kamera zisizo na kioo ni ndogo na nyepesi, lakini skrini inawaka kila wakati: Sony a6000, nayo ya mwaka wa 2014, inapiga kama 360. Lakini hiyo ya Sony inachajiwa kwa waya wa USB kama simu, na hilo ni jema kwetu. Pentax K-50 ya mwaka wa 2013 inakubali hata pile za kawaida za AA, ukiwa na kisanduku chake. Kila moja ina uzuri wake na shida yake. Ninachosema ni kwamba swali hili liulizwe kabla ya swali la megapikseli, na tusinunue kamera bila batri ya pili.

5. Mvua, vumbi na kuvu.

Vumbi la balabala zetu linajulikana, na vumbi la mawe ya volkano kule Goma ni kali zaidi. Kila mara unapofungua kamera kubadilisha lenzi, vumbi linaingia na kukaa juu ya kibamba. Hii ni sababu nyingine ya kuwa na lenzi moja na kuiacha mahali pake. Katika pori la Walikale adui ni unyevu. Kuvu inaota ndani ya kioo kama utando wa buibui, na ikishakula kioo haitoki. Kamera isilale ndani ya mfuko wa ngozi, wala karibu na moshi wa jiko. Ilale katika sanduku la plastiki linalofunga vizuri, pamoja na vile vifuko vidogo vya kukausha vinavyopatikana ndani ya maboksi ya viatu na redio.

Na simu je?

Niseme haki yake. Simu iko mfukoni, haitishi watu, na mchana kweupe picha yake ni nzuri. Simu mpya zinaunganisha picha kadhaa kuwa moja ili kushinda giza, na zinafaulu. Mwenye simu nzuri asiidharau, aanze nayo leo. Lakini simu ni ya mtu mmoja. Ikiibiwa, ikiuzwa kulipa minerval, au ikianguka mtoni, picha zote zinakwenda nayo. Na picha ikitumwa kwa WhatsApp inabanwa. Ukitaka kuitoa kubwa kwenye karatasi, uso unakuwa mraba mraba. Kamera ya kundi inaandikwa katika daftari, inakaa katika kabati ya shule, na mwanafunzi wa mwaka wa tatu asiye na simu anaweza kuishika sawa na mtoto wa tajiri. Kwangu mimi hiyo ndiyo sababu kubwa.

Kwa nini iliyotumika?

Kwa feza zilezile, kamera mpya ya chini inakuja na lenzi ya giza na hakuna kinachobaki. Iliyotumika ya miaka kumi iliyopita inakuja na lenzi ya 1.8, batri mbili, na kadi mbili. Lenzi za Canon za aina ya EF, ambazo zilianza mwaka wa 1987, zinaingia zote katika EOS 1200D. Kwa Nikon tuwe na akili: D3300 haina mota ya lenzi ndani yake, basi lenzi za zamani zinaingia lakini hazijilengi zenyewe. Tutafute zile zilizoandikwa AF-S, kama ile ya milimeta 35.

Lakini mjinga ndiye aliwaye, na wauzaji wa vitu vya zamani wanatujua. Kwa hiyo atakayetumwa Goma afanye hivi:

a) Aelekeze lenzi kwenye mwanga atazame ndani. Akiona nyuzi nyeupe, arudishe.
b) Apige picha ya anga, kisha aikuze. Vidoa vikikaa mahali palepale katika kila picha, kibamba ni kichafu.
c) Apige picha 50 mfululizo na asikilize. Mlio ukibadilika, pazia la ndani limechoka.
d) Atoe batri. Ikiwa imevimba, asiipokee.
e) Kadi aijaze mpaka mwisho na kufungua picha zote. Kuna kadi zilizoandikwa namba kubwa lakini ndani ni ndogo.

Na feza zigawanywe mapema. Shauri langu ni hili: katika sehemu kumi, sita ziwe za kamera na lenzi, mbili za batri, kadi na sanduku, mbili za kutoa picha kwenye karatasi.

Hapo kwenye karatasi wengi wanacheka. Wasicheke. Familia ngapi za hapa zilikimbia bila picha hata moja ya ndugu yao aliyekufa? Picha iliyo katika simu inakufa na simu. Picha ya karatasi inaingia ndani ya Biblia, ndani ya kitambaa cha mama, inavuka mlima. Kila tunayempiga picha apate yake mkononi. Na nakala mbili za zote zihifadhiwe mahali pawili, moja shuleni, nyingine mbali na shule.

Neno la hatari.

Askari, barriere, uwanja wa ndege, kambi, machimbo: kamera ibaki mfukoni. Lenzi ndefu toka mbali inaweza kufanana na silaha, na mwenye bunduki haulizi mara mbili. Hii nayo ni sababu ya kuchagua kamera ndogo, ya rangi nyeusi, isiyojitangaza. Tena, picha inaweza kumwonyesha mtu kwa adui yake. Mama aliyeteswa, mtoto aliyetoka msituni na wenye silaha, mtu anayejificha: hata akikubali leo, sisi tufikiri juu ya kesho yake. Kuna picha nzuri ambazo ni dhambi kuzipiga.

Wako Wakongomani wanaotuonyesha njia. Arlette Bashizi, Moses Sawasawa na Guerchom Ndebo wamepiga picha za Kivu, na walishiriki mwaka wa 2020 katika kazi iliyoitwa «Congo in Conversation» pamoja na Finbarr O'Reilly. Dunia iliona kwamba macho ya mwenyeji yanaona mambo ambayo mgeni anayapita.

Neno la mwisho, nalo linatugusa sisi kuliko watu wengine. Ndani ya kila kamera na kila simu kuna vyuma ambavyo ardhi yetu inavijua. Tantalumu inatoka katika koltani, kama ile ya Rubaya katika Masisi, nayo hutumika katika vifaa vidogo vya kushika umeme. Bati linatoka katika kasiterite, kama ile ya Bisie katika Walikale, nalo huunganisha vifaa hivyo. Baba na kaka zetu wameingia katika mashimo yale, wengine hawakutoka. Mawe yanakwenda mbali, yanarudi kwetu yakiwa ndani ya boksi zuri, kwa bei ambayo mchimbaji hawezi kuilipa. Sisi hatuwezi kubadilisha biashara hiyo kwa kura ya kundi la wanafunzi. Lakini tunaweza kuchukua kamera ambayo mwingine ameitupa kwa sababu imetoka mpya, na kuifanyisha kazi miaka kumi tena. Jasho lililokwisha kumwagika lisipotee bure.

Basi, wenzangu, siku ya kura msitazame ukubwa wa boksi. Ulizeni: itaona uso wa nyanya jikoni? Itaamka asubuhi bila kuranti? Itatengenezeka? Itabakiza feza za karatasi? Kamera itakayojibu ndiyo kwa maswali hayo manne, mimi nitaipigia mkono, hata kama imechubuka pembeni.

Mwenye mawazo mengine aandike, gazeti ni letu sote.

Mwanafunzi wa mwaka wa tano, kundi la picha